Neno Nililompa Mzee Koisaba

Old Korogwe,
Alhamisi, saa tisa alasiri.

Mdogo wangu Emiliana,

Salamu zangu zikufikie hapo Mpale, wewe na watoto wote. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na maharage, yamestahimili ile baridi? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaonisumbua. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hupokelewa na mtoto yeyote aliye karibu, na jambo hili nataka ulisome wewe kwanza, ukiwa umekaa. Obadia atakuletea kwa pikipiki.

Unajua kwamba mwanao Agripina anaigiza katika filamu ya mapenzi. Nikueleze ilivyo, maana watu wanazua mengi. Hamna kupigana wala kukumbatiana. Kijana na msichana wanatembea kutoka hapa kando ya mto Pangani hadi kwenye mkonge wa Ngombezi wakizungumza, na katika kuzungumza wanapendana. Basi. Bi Catherine, mwongozaji, alinipa mswada niunyooshe Kiswahili. Waigizaji wakaniita Mwalimu Koma, kwa jinsi nilivyowasimamisha kila penye koma. Shamimu, anayewapikia, alisema hajapata kuona mapenzi yenye maneno mengi hivyo na hata khanga moja hakuna. Akamwambia Agripina, “Mwanangu, huyo ataongea mpaka uzeeke.” Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Anayeigiza kijana ni Lenku, mtoto wa mzee Koisaba wa Handeni. Nilimfundisha hukohuko darasa la nne, katika ile miaka kumi na mmoja iliyonipa Kimaasai changu. Ni kijana mpole. Kwamba anampenda Agripina nililijua siku alipoanza kumwambia maneno ambayo hayamo kwenye mswada. Nilimuuliza mwanao. Akanijibu kwamba Lenku ni rafiki wa kazi tu, na kwamba yeye anawaza chuo cha uuguzi mwezi wa kumi.

Kisha likaja tukio la posa. Bi Catherine alitaka nyuso za kweli, kwa hiyo baba wa kijana akawa mzee Koisaba mwenyewe, na mjomba wa msichana nikawa mimi. Sasa fahamu jambo hili. Kwa wenzetu Wamaasai posa huanza na asali. Upande wa binti wakiipokea na kuinywa, binti ameshawekewa alama, ni mchumba wao. Na kwetu Wazigua neno la kumtoa binti ni la mjomba, na tangu shemeji afariki wewe mwenyewe ulilisema hilo mbele ya ukoo. Bi Catherine hakuyajua haya. Mimi niliyajua yote.

Walikuwa wamenunua sharubati yenye rangi ya asali. Mzee aliitazama, akauliza mgonjwa wa kunywa dawa hiyo yuko wapi. Akatoa kibuyu chake mwenyewe cha asali ya kweli. Tulirudia tukio mara nne, na mara zote nne alisema maneno yake vizuri, lakini akifika kwenye baraka ananyamaza. Bi Catherine alimbembeleza. Mzee akasema atavaa watakacho na kukaa watakapo, ila baraka si shati, haijaribiwi. Jua lilikuwa linashuka na gari la taa lilikuwa limeazimwa kwa siku ile tu. Mara ya tano akainua mikono, akabariki. Tukanywa. Bi Catherine alilia kwa furaha na wote wakapiga makofi.

Wiki iliyofuata kaka yake Lenku aliniletea mtamba mweupe, akamfunga uani, akaondoka bila kuketi. Nikajiambia ni shukrani za mwalimu. Baadaye akaja Naitoi, mama yake Lenku, na wanawake wawili. Wakampima Agripina shingo kwa uzi, kwa ajili ya shanga. Agripina aliinamisha shingo akicheka, akidhani ni mavazi ya filamu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwacha adhani hivyo. Jumatatu ukaja ujumbe kwamba nyumba ya binti imeshakandikwa. Emiliana, hawajatukosea hata kwa neno moja. Kila walichofanya ni wema, na kila wema ulinizidishia deni.

Jana gari lilimchukua mwanao kwenda Handeni kupiga tukio la mwisho. Walipaswa kurudi jioni. Leo mchana Bi Catherine amenipigia kwamba kazi imekwisha na wote wamerudi, isipokuwa Agripina na Lenku. Naitoi aliomba msichana abaki kidogo kama mgeni, naye akakubali kwa furaha. Simu yake haipatikani. Kule mtandao haufiki.

Sasa nikuambie nililolificha. Wote wanadhani mzee alilegea mara ya tano kwa kubembelezwa. Sivyo. Kabla hatujaanza aliniinamia, akaniuliza taratibu, kwa Kimaasai, kama namtoa binti huyu kweli au nacheza. Nilitazama jua. Niliwatazama watu wote wanavyonitazama. Nikamjibu kwamba namtoa kweli. Nilijivunia hata matamshi yangu. Nilijiambia ni maneno tu, na maneno nimeyasahihisha maisha yangu yote. Aliyenielewa pale, mbali na mzee, alikuwa Lenku peke yake, na uso wake uliangaza hivi kwamba Bi Catherine alisema huo ndio uigizaji bora wa filamu nzima.

Mzee Koisaba hakudanganywa na kamera. Nilimdanganya mimi.

Kesho alfajiri nakwenda Handeni. Neno alilitoa mjomba, na wa kulirudisha ni mjomba tu. Ili nilirudishe lazima nisimame mbele ya wazee wale niseme kwamba nilisema uongo nikiwa nangoja baraka. Adhabu yake siijui. Nilipokuwa mwalimu kule niliwahi kuwauliza, wakaniambia hawajapata mtu wa namna hiyo.

Ukiisoma barua hii, shuka Korogwe, usingoje habari zangu. Mwanao akirudi bila mimi, usimrudishe kunitafuta. Na msamaha nauomba, lakini unipe baada ya kumwona Agripina kwa macho yako, si kabla.

Wasalimie watoto, na jirani zako wote wanaoniulizia. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi kaka yako,
Hiza