Shingchi San Siyo Jumatatu

Mpendwa binti yangu Neema,

Kamwene. Salamu ni hiyo tu, mengine nina hasira nayo. Barua hii naiandika wazi ili wazazi wengine wenye watoto China wasome wajifunze, maana mimi nimeshaumbuka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukijifunza Kichina hapa jikoni Iringa, kabla hujaondoka? Mimi nachambua maharage, wewe umesimama mlangoni na simu yako, unanilazimisha nirudie: yi, er, san. Moja, mbili, tatu. Tarehe zao wanaanza na mwaka, siku wanaiweka mwisho, nikakubali. Saa mbili yao ndiyo saa nane yetu, nalo nikakubali. Ukaniambia, "Mama, siku ndiyo rahisi kabisa. Wanasema shingchi, halafu namba." Mwalimu gani wewe! Hukuniambia wanaanza kuhesabu wapi.

Sasa wiki iliyopita unaniandikia kwa madaha: "Washenga waje shingchi san, saa kumi jioni ya nyumbani, nitakuwa hewani." San ni tatu. Siku yenye tatu ni ipi? Jumatatu! Hata mtoto wa chekechea angejibu hivyo.

Basi Jumatatu washenga wakaja kutoka Rujewa, watu wazima na heshima zao, wamepanda basi tangu alfajiri, na mchele wa zawadi juu. Tukafika pale binti anapoulizwa ajibu kwa kinywa chake: "Unawafahamu wageni hawa? Tuwapokee?" Baba yako mkubwa akaweka simu katikati ya meza. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mshenga akatazama sakafu. Shangazi yako, na mdomo wake ule usio na breki, akasema, "Kunyamaza nako ni jibu." Wakaaga, chai yao haijanywewa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatano, huyoo, unapiga! Kitenge kipya, nywele umesuka, "Mama, wageni wako wapi?" Mimi niko na mwiko mkononi, nasonga ugali. Kumbe kwa Wachina siku ya kwanza ni Jumatatu, kwa hiyo ya tatu ni Jumatano. Jamani! Kwetu ya kwanza ni Jumamosi, jina lenyewe linasema. Tangu lini mtoto wangu akahesabu wiki kuanzia Jumatatu? Nikafoka, ukalia, nikakata simu. Kwa kukata simu, pole mwanangu. Kwa kufoka, hapana.

Jana nilimpigia mshenga nikamweleza yote, yi na er na san. Alicheka mpaka akakohoa, namshukuru Mungu. Watarudi Jumamosi. Lakini baba wa kijana anayekuposa alikuwa pembeni yake, akaomba simu, akaniuliza taratibu: "Mama Neema, binti hata siku anazihesabu kama wa huko. Kweli atarudi?"

Nikamjibu kwa ukali, "Atarudi, kwani hana kwao?" Nilipandisha sauti ili asisikie kwamba sijui.

Ukikaa mbele ya simu hiyo Jumamosi, wataanza kukuuliza kama unawafahamu. Usiwajibu wao kabla hujanijibu mimi. Unarudi, Neema?

Ni mimi, mwenye hasira na hamu ya kukuona,
Mama yako