Uzi wa Nyavu Shingoni mwa Chupa

Ndhiwa, Jumanne, Machi 1967

Hata kunitazama usoni Bwana Dresa alishindwa leo! Na wiki nzima mtoa dawa wetu huyo amenicheka mbele ya wagonjwa: "Mama Akinyi, chupa zako zimevaa shanga, zinaolewa lini?"

Ni mimi ninayeosha sakafu ya zahanati hii. Wagonjwa huja na chupa zao za soda kutiliwa dawa ya kikohozi, na dawa ya sakafu, ile inayochoma ngozi, nayo tunaitia kwenye chupa hizo hizo. Zote mbili nyeusi. Karatasi ningebandika, lakini Auma ninayefanya naye kazi hajui kusoma. Basi nikafunga uzi wa nyavu kwenye shingo ya kila chupa ya sumu.

Leo foleni ilifika nje. Bwana Dresa akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akashika chupa ampe mzee mmoja aliyekuwa akikohoa. Nilikuwa mlangoni na ndoo, nikaona ni chupa yenye uzi. Vidole vyake vikagusa uzi, vikasimama. Akageuka, akanusa, akairudisha polepole.

Mpaka sasa naona ule mkono wa mzee, ulikuwa umeshanyooshwa kupokea...

Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, uzi umebaki? Kuna chupa mbili za sumu mezani kwangu."

Nikampa uzi, afunge mwenyewe. Akafunga ovyo, nikamfungulisha mara mbili. Foleni nzima ilimwona Bwana Dresa akivisha chupa shanga.