Bibi wa Tambi Aliyemsemea Mi Soi Chan

Nyuma ya soko la samaki,
Mahachai, Samut Sakhon,
Thailand.

14 Machi 2012

Mpendwa mdogo wangu Nai Ong Htaw,

Hujambo wewe na nyumba yako yote? Naomba barua hii ikukute kikohozi kimekwisha na theluji ya huko Fort Wayne imeanza kuwaachia. Je, wifi yangu Mi Thanda bado anafanya zamu ya usiku? Mwambie asidharau mgongo wake.

Sisi hapa ni wazima. Joto limeshaingia, na mume wangu Nai Layeh amerudia tabia yake ya kulala mlangoni. Mama mdogo ametutumia uduvi wa kusaga kutoka Mudon, na tangu tuufungue majirani wote wanajua tunakula nini.

Sasa nikupe habari ya Mi Soi Chan, yule binti wa mfinyanzi wa kijijini kwetu, aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini. Tunafanya naye kazi kiwandani, tunaosha samaki. Mwezi wa Desemba msimamizi alimtoa kwenye beseni akampeleka kwenye mashine ya kukata vichwa, ambayo hakuwahi kuigusa maishani. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kulia.

Msimamizi alidai kwamba Mi Soi Chan alikwenda mwenyewe kuichezea. Kesi ilipofika ofisi ya kazi, aliwekewa mkalimani wa Kiburma. Nawe unakijua Kiburma cha Mi Soi Chan, ni cha kununulia vitunguu tu. Kwa woga aliitikia kila alichoulizwa. Tulipomuuliza jioni amekubali nini, hakujua. Kumbe alikuwa amekubali kwamba kosa ni lake.

Alifunga mizigo arudi Mudon. Nilimsihi asubiri. Hakubisha, ila alinitazama kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Nai Layeh na wenzake wanaofundisha watoto wetu Kimon, lugha yetu ya nyumbani, siku za Jumapili walikwenda kuomba asikilizwe upya, kwa lugha yake. Walijibiwa kwamba mkalimani wa Kimon hayupo. Wakimpata wao wamlete, mradi awe raia wa Thailand. Tulirudi tumenyong'onyea, tukaketi kwenye kibanda cha tambi pale mlango wa soko, tukalizungumza jambo hilo kwa Kimon huku Mi Soi Chan akilia.

Mwenye kibanda, bibi mmoja mnene anayeitwa Samruai, aliweka upawa chini akatuambia, kwa Kimon, "Msilie juu ya tambi zangu, zitazidi chumvi."

Tulibaki midomo wazi. Miaka yote tunakula kwake, naye tulimdhani Mthai tu! Kumbe ni wa wale Wamon ambao wazee wao walivuka mpaka kutoka Burma zamani za wafalme. Kimon chake ni cha kale kweli. Gari analiita kwa neno ambalo sisi tunaitia mikokoteni ya ng'ombe. Tulicheka hata mgonjwa wetu akacheka. Alituuliza kisa chote, kisha akauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Siku ya kwenda ofisini sisi wanawake tulivaa saruni zetu nyekundu na blauzi nyeupe, kama tunavyovaa sikukuu ya taifa letu. Msimamizi alituuliza kama tunakwenda harusini. Bibi Samruai akamjibu kwa Kithai kwamba ndiyo, na kwamba msimamizi ndiye atakayelipia karamu.

Ofisa alikuwa kijana mstaarabu. Alitazama kitambulisho cha bibi, akamtazama na mwenyewe.

"Bibi, wewe ni Mthai?"

"Mimi ni Mthai tangu babu wa babu yangu," alisema. "Na kabla ya hapo tulikuwa Wamon. Hatukuacha."

Basi Mi Soi Chan akaulizwa upya kama alikwenda kwenye mashine kwa hiari yake. Safari hii alielewa swali. Akasema, "Sikwenda. Nilipelekwa. Nilimwambia siijui, akanisukuma bega."

Bibi aliyatafsiri polepole, hakuongeza wala kupunguza. Ofisa aliandika yote.

Kiwanda kimeamriwa kugharamia matibabu, kumlipa fidia ya vidole na kumrudisha kwenye kazi nyepesi. Usidhani kila kitu kimenyooka. Msimamizi bado yupo na anatutazama kwa jicho baya. Mkalimani wa Kimon bado hajaajiriwa, nasi tunaendelea kudai. Lakini Mi Soi Chan amefungua mizigo yake.

Alipompelekea bibi matunda ya shukrani, bibi aliyakataa. Alichotaka ni wajukuu zake wawili wapokewe kwenye darasa letu, kwa kuwa hawajui hata kumsalimia kwa Kimon. Mwanzoni watoto wetu waliwaonea haya, maana ni wenye nchi. Sasa wanagombania chaki.

Naye bibi huketi nyuma yao kwenye kiti cha plastiki. Kusema anajua, kuandika hakufundishwa kamwe. Uliniandikia kwamba wanao wakiitwa kwa Kimon wanajibu kwa Kiingereza, nawe umechoka. Nakuomba mdogo wangu, usiache kuwasemesha. Jumapili iliyopita Bibi Samruai alikwenda ubaoni akaandika jina la marehemu mama yake kwa herufi zetu. Herufi ya mwisho ilikaa upande. Darasa lilipokwisha nikashika kitambaa nifute. Alinizuia mkono akasema, "Liache mpaka kesho."

Nisalimie wifi yangu Mi Thanda, mwanao Ratana na mdogo wake, na Nai Sorn ukimwona hekaluni. Nai Layeh anakusalimu, na Mi Soi Chan pia. Afya na amani visitoke mlangoni kwenu, na siku moja miguu yenu iwalete hapa.

Dada yako akupendaye kwa moyo wote,

Mi Jaloon Htaw