Utumbo Hausukumwi kwa Gumba

Chaani, 3 Machi 2024

Dada Nyamvula,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, nawe huko Kiembeni natumaini u mzima, mdomo wako pia. Simu zako sizipokei kwa kuwa unafoka. Barua angalau naisoma nikiwa nimeketi. Ndiyo, ule uvimbe wa kinenani bado upo. Nikibeba magunia unatoka, nikilala unarudi. Ni mshipa tu, dada, wa kunywa madafu. Nimeyaacha. Mzee Kadenge hunikanda kwa mafuta ya nazi, anausukuma kwa gumba mpaka unaingia ndani. Kupasuliwa sitaki. Nyapara hamrudishi ghalani mtu aliyeshonwa tumbo.

Nduguyo, Kai

Kiembeni, 9 Machi

Kai,

Marahaba. Ni mzima, ila hasira zimeninyima usingizi. Madafu yamekukosea nini? Hicho kinachochungulia ni utumbo wako mwembamba, umepenya pale ukuta wa misuli ulipolegea! Nyinyi mnalisifu tumbo bure, kama mnavyomtetemekea nyapara. Tumbo linapokea na kusaga, basi. Kazi yenyewe iko chini yake, kwenye mita kama sita za utumbo zilizokunjwa. Mwanzoni nyongo inatawanya mafuta, na maji ya kongosho yanavunjavunja sima na maharagwe. Kisha vidole vidogo visivyoonekana kwa macho vinanyonya chakula na kukitia damuni. Utumbo wenyewe unajikaza na kulegea, unapokezana mzigo kama nyinyi na magunia yenu. Nao unalishwa na damu. Ukibanwa, damu inakatika, na kwa saa chache unaoza. Siku uvimbe ukikataa kurudi, ukaumwa na kutapika, asikukande mtu. Kimbia hospitali! Na huyo nyapara niachie mimi.

Dadako, Nyamvula

Chaani, 17 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kukosa usingizi. Barua yako niliwasomea wenzangu ghalani, wakacheka hadi Tinga akaangusha gunia. Sasa wananiita Mita Sita. Kadenge amenuna, anasema vitabu vyako havijawahi kumkanda mtu. Lakini umenitia hofu. Nitakwenda kupasuliwa, saruji ya meli hii ikiisha.

Nduguyo, Mita Sita

Kiembeni, 27 Machi

Mdogo wangu,

U mzima? Nimekuandikia mara mbili, kimya. Simu imezimwa. Meli gani hiyo isiyoisha? Nijibu, hata kwa matusi. Nikikosa jibu kufikia Pasaka, nakuja Chaani mwenyewe.

Dadako

Wodini, 30 Machi

Dada,

Shikamoo. Naambiwa sijambo. Mwandishi ni Tinga, mimi nasema tu. Ndiye aliyeniletea barua yako. Meli haikuisha. Uvimbe ulitoka, ukagoma kurudi. Maneno yako niliyakumbuka, dada, na bado nikamwita Kadenge. Akasukuma. Nikatapika maji ya kijani. Hapo akaiacha chupa ya mafuta, akatoka nje akipiga kelele nitafutiwe gari, huku analia. Usimfokee. Wamekata kipande chenye urefu wa mkono wangu, kilikuwa cheusi. Daktari anasema kilichobaki kinatosha. Jana nilipewa uji, nikalala nikilisikiliza tumbo. Kukanguruma kule chini. Wale wapokezana mzigo wa tumboni wamerudi kazini.

Mimi sijarudi. Nafasi yangu ghalani keshapewa mtu. Ulisema nyapara nikuachie. Haya, nimekuachia. Njoo na mdomo wako wote.

Nduguyo, Mita Tano na Ushei