Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Hale, 4 Februari 2024

Kwa mtani wangu Sabiri, Mzigua mwenye njaa,

Tumsifu Yesu Kristo, na wewe itikia kwa namna yenu. Mimi na Grasiana hatujambo, isipokuwa haya masikio yangu unayoyajua, malipo ya kusimama mbele ya spika ujana wote. Simu siisikii hata upige kelele, kwa hiyo tuendelee kusumbua makonda wa mabasi na barua zetu. Shemeji Hajira hajambo? Na Munira, bibi harusi wetu?

Amplifaya yako imefika. Nimeifungua mgongo, nikacheka, halafu nikakasirika. Mahali pa fyuzi nimekuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, umeiviringisha vizuri kabisa. Nani alikufundisha uhuni huo? Fyuzi inakatika ili vingine vipone. Ukiweka karatasi hakikatiki kitu, vinaungua vyote. Ndiyo maana taa moja ya kioo, hizi za ndani zinazokuza sauti, ilikuwa inaiva nyekundu na sauti inavuma utadhani mashine ya kusaga. Hii tuliipigia dansi kwenye makambi ya mkonge wewe ukiwa bado na nywele, na haijawahi kudhalilishwa hivi.

Nitaitengeneza. Najua unaitaka kwa harusi baada ya Idd, na najua huzitaki hizi za kisasa zenye sauti kavu. Ile ya taa gitaa linatoka na nyama zake. Ila usinisukume. Ukiwa na haraka, wapelekee waganga wenu wa Handeni waifukize.

Mtani wako na bwana wako,
Valentino


Handeni, 13 Februari 2024

Kwa mpagazi Valentino,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, Munira mzima, mama yake ndiye hana raha, kila siku ana jambo jipya la harusi. Mpe Grasiana salamu na pole nyingi za kuishi na wewe.

Wewe ni wa kunifundisha mimi umeme? Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani, tukawapa maji, leo mmekaa Hale jirani na mtambo wa umeme mnajiona mainjinia. Ile karatasi imepiga muziki mwaka mzima. Fyuzi ya dukani haikumaliza wiki.

Tengeneza upesi. Mdogo wangu Sadala ameshakusanya wazee, besi ipo, ngoma zipo. Namtaka Munira aolewe kwa sauti ile ile iliyopigwa nilipomwoa mama yake. Mwanangu wa mwisho huyu, sina mwingine wa kuoza. Ukinichelewesha, siku ukifa nitaingia kaburini kwako nilale chali, nisitoke mpaka wanao wanipe mbuzi, tena beberu. Watu wasimame na jeneza juani.

Mtani wako,
Sabiri


Hale, 27 Februari 2024

Mtani,

Habari za huko? Hapa si nzuri sana, na safari hii siandiki utani.

Amplifaya yako imenipiga. Nilikuwa nimezima na waya nimechomoa ukutani. Ndani, kama unavyojua, mna kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme hata ukishachomoa. Kuna kirizista kazi yake ni kuumwaga huo umeme taratibu. Siku zote mimi huzima, nikanywa chai, ndipo nikaingiza mkono wa kulia, wa kushoto uko mfukoni. Sasa kile kirizista kilikuwa kimekufa kwa ndani, kimeunguzwa na karatasi yako ya sigara, ila kwa nje kinang'aa kama kipya. Nami bisibisi ya kugusia kwanza vile vikopo, vimwage umeme uliobaki, sikuitumia, nilidhani umeshakwisha. Na boksi liliyumba, nikalishika kwa kushoto. Umeme ukaingia mkono huu, ukapita kifuani, ukatokea huu. Grasiana alinikuta sakafuni.

Mkono wa kushoto haushiki vizuri. Moyo nao unakwenda mbio, unasimama, unakwenda tena. Kwa hiyo kazi itachelewa. Kitu cha Mzigua hiki, ukikisaidia kinakupiga.

Mtani wako,
Valentino


Handeni, 6 Machi 2024

Kwa mpagazi aliyepigwa na mzigo wake,

Asalaam aleikum. Nimeisoma kwa sauti sebuleni, Hajira amecheka mpaka akashika ubavu. Amplifaya imekaa kwangu miaka yote hiyo haijamgusa mtu, imefika kwa Mnyamwezi imemtambua. Kumbe ina akili kuliko nilivyodhani.

"Safari hii siandiki utani." Mara ya mwisho ulipoandika maneno hayo ulikuwa unanijulisha kwamba gitaa langu umewauzia Wamasai wa Mkata, nikapanda basi mpaka kwako na hasira zangu, nikakuta limetundikwa ukutani na wewe umeniandalia pilau. Hunipati tena, mzee.

Kama umeshindwa kazi sema umeshindwa. Usisingizie moyo, Wanyamwezi mmepewa mabega, moyo mlipewa lini? Na kama kweli unakufa, gitaa lako niachie mimi, usimwachie yule mpwa wako Nicolaus, atalifanya kuni.

Ramadhani inaingia. Nitakuombea upate akili.

Mtani wako,
Sabiri


Hale, 17 Aprili 2024

Ndugu Sabiri,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako yote. Natumaini mfungo umekwenda salama na Idd mmekula vizuri. Hongereni kwa harusi ya Jumamosi hii inayokuja.

Samahani sana kwa kuchelewa. Amplifaya naituma na basi la leo pamoja na barua hii. Kapasita ni mpya, kirizista kipya, taa nimebadilisha ile iliyochoka. Grasiana ndiye aliyelehemu, mimi nilikuwa namwonyesha kwa kidole. Usimcheke kwa matone ya risasi aliyoyadondosha.

Nakuomba mambo machache. Ukiiwasha, ziache taa zipate moto kwanza ndipo upige. Fyuzi nimekuwekea na za akiba, nimezibandika kwa ndani ya ule mlango mdogo wa fyuzi. Tafadhali usiweke kitu kingine. Nyuma usifungue, wala Sadala asifungue, hata mkiwa mmeizima.

Jambo la mwisho. Ulisema utakuja kulala kaburini kwangu. Nakuomba usifanye hivyo. Grasiana hataweza kuvumilia. Uje ukae tu na wengine.

Asante kwa urafiki wako wa miaka yote.

Wako katika upendo,
Valentino


Handeni, 24 Aprili 2024

Ndugu yangu Valentino,

Salamu nyingi sana. Naandika leo baada ya kurudi kutoka Korogwe. Tumeonana, tumeshikana mikono pale wodini, lakini hukuweza kunisikia na mimi sikuweza kusema, watu walikuwa wengi. Kwa hiyo nasema hapa.

Barua yako ilifika na boksi pamoja. Tulikuwa uani tunapanga viti. Nikaisoma mara moja, nikairudia, natafuta tusi. Hakuna. Tangu tujuane hujaniita ndugu, hujaniita hata kwa jina langu peke yake. Nikamwambia Hajira, Valentino anakufa. Akasema si ndiyo mchezo wenu. Nikampa asome mwenyewe, akaketi chini.

Munira ndiye aliyeniambia nenda, baba. Nikamwachia Sadala uwakala aniozeshee. Nimekuja Hale nimekukuta kwenye mkeka, midomo imekuwa ya bluu, na Grasiana anasema umekataa hospitali kwa kuwa ulitaka kwanza kumaliza kazi ya mtani. Tulipokupakia kwenye gari kwenda Korogwe ulikuwa mwepesi sana. Nimeumia.

Harusi imepita. Wanasema amplifaya imelia vizuri mno, watu waliinuka wote. Mimi sikuisikia.

Karatasi ile niliiweka mimi kwa mkono wangu, na ulipoandika kwamba imekuangusha nikasoma kwa sauti tukacheka. Kosa ni langu, ndugu yangu. Naomba unisamehe. Mungu akupe afya njema na faraja.

Ndugu yako mnyenyekevu,
Sabiri


Korogwe, hospitali, 29 Aprili 2024

Wewe Mzigua,

Barua yako ya adabu imenifikia, na imemliza Grasiana kutwa nzima. Amedhani daktari amekuambia wewe jambo ambalo sisi ametuficha. Amenikalia hapa ananitazama kama maiti. Wewe ni mtu wa namna gani?

Walilosema ni hili. Moyo umepoteza mwendo wake, watanipeleka hospitali kubwa Ijumaa hii, huko watajaribu kuurudisha. Moyo wenyewe unaweza kukubali, unaweza kukataa. Mkono wa kushoto hautarudi kwenye gitaa, hilo wamelisema wazi, na nimelia, sikufichi.

Hiyo karatasi tumeandikiana, imekwisha. Nilikuwa na bisibisi mezani sikuigusisha. Tugawane.

Mimi niliandika kwa adabu kwa kuwa niliogopa. Wewe unaogopa nini, nani kakupiga umeme? Watu wote wanaingia hapa kwa kunyata, wananiongelea polepole na masikio yenyewe hayasikii. Kila mmoja pole, pole. Nimebaki bila mtani. Nitukane kabla ya Ijumaa. Tafadhali.

Valentino


Handeni, 1 Mei 2024

Kwa mpagazi mkuu, mwana wa wapagazi, hospitali,

Asalaam aleikum. Barua hii anakuletea Munira mwenyewe na mumewe, nimewaambia wakusomee sikioni kwa kelele, wodi nzima isikie.

Nimeanza kuiandika nikaitupa, nikaanza tena. Tusi linagoma, machozi ndiyo yanakuja. Hajira amenisimamia hapa anasema andika, mzee, usimwache mwenzio. Haya.

Mnyamwezi gani wewe wa kushindwa na umeme wa boksi la mbao? Babu yako alibeba mzigo kutoka Tabora mpaka pwani, wewe umelala kitandani unabebewa hata maji. Kazi umemwachia mkeo, na nimechungulia kwa ule mlango wa fyuzi, nyuma sikufungua, kalehemu vizuri kuliko wewe. Matone matatu tu. Ya kwako huwa kama kinyesi cha kuku. Mkono wa kushoto umekufa? Hata ulipokuwa mzima ulikuwa unatafuta nota kama mtu aliyedondosha ufunguo gizani. Utapiga kwa wa kulia, mimi nitakubanizia nyuzi, tutakaa benchi moja na amplifaya moja, watu watuzomee wote wawili. Nimeizima na kuifunika kitambaa. Haiwaki mpaka uje.

Na lile ombi lako la kaburini nimelisikia. Nimekataa. Grasiana anisamehe, lakini utani ni utani. Siku hiyo nitaingia, nitalala chali, na nitamtaka mbuzi, na wakinipa mbuzi nitasema amekonda, na wakileta mwingine nitasema si beberu. Sitatoka, Valentino. Watanivuta miguu sitatoka. Utabaki juu huko kwenye jeneza unasubiri, jua linakuchoma, Wazigua wanacheka.

Kwa hiyo kama hutaki aibu hiyo, pona.

Mtani wako,
Sabiri