Maneno Matano ya Kulwa

Nsemulwa, Mpanda
10 Machi 1996

Doto pacha wangu,

Wangaluka. Huko Tabora umeamkaje? Huku tu wazima, ila mama, mayu wetu, goti linamsumbua tangu mvua zianze, na yule ndama uliyempenda amekufa. Baba anakusalimu. Mayu anakusalimu mara mbili.

Tangu treni ikuchukue, mayu hajaacha kupakua sahani mbili. Unajua alivyo na mambo yake ya mapacha, kwamba anayekula peke yake anamkausha mwenzake. Basi namaliza yangu, halafu natakiwa kula na yako kwa niaba yako. Nimenenepa, Doto, ukiniona utanicheka.

Ila nimefikiri. Kama mimi nakulia ugali wako, wewe huko unakula Kiingereza peke yako. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba, jina likatoka lako. Sikuonei wivu. Haya, nakuonea, lakini kidogo. Kwa hiyo nitumie fungu langu: kila barua maneno matano, maana yake, na sentensi moja moja ya mfano. Yasizidi matano, nisije nikavimbiwa.

Nina sababu. Sista Bernadetha wa zahanati ya misheni anasema mwezi wa kumi na moja watachukua wasichana wawili kwenda Sumbawanga kusomea uuguzi. Darasa la saba linatosha, lakini usaili wenyewe ni wa Kiingereza. Alinijaribu kidogo, nikabaki nacheka kama mjinga. Nataka nafasi hiyo, Doto. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Pacha wako mkubwa (nilitoka kwanza, usisahau),
Kulwa


Tabora
31 Machi 1996

Kulwa, mkubwa wa dakika chache,

Barua yako imenikuta mzima, ila njaa. Maharage ya hapa yana wadudu kuliko maharage. Shikamoo baba, shikamoo mayu. Pole kwa goti.

Mwalimu wetu wa Kiingereza anapenda mifano ya theluji, na ya mbwa anayelala kitandani na mtu. Nimeiacha hukohuko, nimetunga ya kwetu.

Absent: asiyekuwepo. Doto is absent from home.
Share: kugawana. Twins share everything.
Refuse: kukataa. The calf refused to drink.
Pain: maumivu. Mother has pain in her knee.
Early: mapema. Kulwa wakes up early.

Sasa na wewe tunga zako, usinakili zangu. Nitazisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikuone kama utaendelea kujiita mkubwa.

Jumapili huwa napita stesheni. Sina safari yoyote. Nataka tu kusikia watu wakiulizana treni ya Mpanda inaondoka saa ngapi.

Pacha wako,
Doto


Nsemulwa, Mpanda
28 Aprili 1996

Doto wangu,

Unaendeleaje na hayo maharage? Sisi Mungu anatuweka. Tumbaku ya majirani imekauka vizuri, na mayu anatembea bila fimbo.

Barua yako ilisomwa mbele ya watu. Siku hizi baba hataki niisome peke yangu, anataka kusikia "na Kizungu chake." Haelewi hata neno, lakini anavyotikisa kichwa utadhani ni yeye aliyekufundisha. Barua ninazoandika mimi hakuna anayezisoma hapa, kwa hiyo humu nakwambia yote.

Hizi sentensi zangu:

Sugar is absent from our house.
The visitor gives me pain.
I refuse, but father does not hear.
It is too early for me.

La kugawana sijalitungia. Nikilianza nakukumbuka, kalamu inasimama.

Mgeni huyo anaitwa Silvesta, mfugaji wa upande wa Inyonga. Amekuja mara ya pili. Anaongea na baba habari za ng'ombe, halafu ananitazama mimi kama anavyowatazama hao ng'ombe. Si mtu mbaya. Ila akinichukua kabla ya mwezi wa kumi na moja, Sumbawanga imekwisha. Nilimweleza baba habari za Sista, akasema uuguzi ni kazi ya wasio na kwao.

Pacha wako,
Kulwa


Tabora
12 Mei 1996

Kulwa na wote nyumbani,

Shikamoo baba, najua unasikiliza. Shikamoo mayu. Mimi mzima, nimepona malaria. Mwezi wa sita tunafunga, nitakuja. Nimeshaanza kukunja nguo kabla ya wakati, wenzangu wananicheka.

Maneno ya leo:

Force: nguvu. No one can take you by force.
Side: upande. Your brother is on your side.
Wait: kusubiri. Wait for me, I will speak to father.
Patient: mgonjwa. The nurse sits near the patient.
Wound: kidonda. Wash the wound with clean water.

La kwanza lisome kwa sauti, matamshi yake yanataka mazoezi.

Pacha wako anayekuja,
Doto


Nsemulwa, Mpanda
26 Mei 1996

Doto,

Malaria hiyo imekwisha kabisa? Usinifiche. Sisi wazima wa mwili.

Nililisoma kwa sauti. Silvesta mwenyewe alikuwepo, kibuyu cha maziwa mkononi. Baba akasema, "Msomee mgeni asikie kijana wetu." Nikasimama: No one can take you by force! Silvesta akasema, "Aisee, huyu ana akili sana." Baba akafurahi akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikatoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta, na huko ukutani kicheko kikageuka kilio.

Maana jambo limefika, Doto. Baba amekubali posa. Kilichobaki ni wewe. Mayu amesema kwao pacha haozwi mwenzake akiwa mbali: mkae mkeka mmoja, mnywe maziwa ya kibuyu kimoja, ndipo mmoja aondoke. Bila hivyo wote wawili hawatulii. Baba hajambishia, analiogopa hilo kuliko mayu mwenyewe. Akamwambia Silvesta asubiri, Doto anakuja mwezi wa sita.

Kila mtu hapa anakusubiri wewe. Mayu amekusanya samli. Mimi ndiye ninayekusubiri kuliko wote, kila treni ikipiga honi moyo unaruka, na mimi ndiye ninayekuandikia hivi: usije. Ukisema utaongea na baba, hujui baba alivyoshika jambo hili. Siku utakayokanyaga uani ndiyo siku watakayotandika mkeka. Usije mwezi wa sita, na katikati hapo usije hata kwa ugonjwa. Mpaka usaili upite.

Neno langu ni moja leo. Stay. Please stay, Doto.

Pacha wako,
Kulwa


Tabora
18 Agosti 1996

Wapendwa wa nyumbani,

Shikamooni wazazi. Mnaendeleaje na mavuno? Mimi namshukuru Mungu. Nisameheni kwa kutokuja na kwa kukaa kimya. Tulibaki shuleni baadhi yetu kwa masomo ya ziada na shamba la shule.

Siku wenzangu walipopanda treni niliwasindikiza mpaka stesheni. Nilimbebea mmoja sanduku, nikaingia nalo ndani ya behewa, nikakaa kidogo kwenye kiti. Kondakta akaniuliza tiketi. Nikashuka. Mayu, usikasirike. Hiyo sahani yangu mfunikie Kulwa aile, mimi nashiba huku nikijua mnapakua.

Promise: ahadi. I keep my promise.
Miss: kutamani kumwona aliye mbali. I miss my mother, and I stay.
Fever: homa. The child has fever.
Bandage: bendeji. The bandage is clean.
Ready: tayari. Kulwa will be ready.

Pacha wako,
Doto


Nsemulwa, Mpanda
24 Novemba 1996

Doto pacha wangu,

U mzima? Nakuuliza kwa kweli, si kwa mazoea ya barua.

Silvesta alichoka kusubiri. Mwezi wa kumi ameoa huko huko Inyonga, watu wanasema amepata mke mzuri. Nimemfurahia. Baba alininunia, akakununia na wewe uliye mbali, anasema Tabora imekuharibu.

Kilichoniumiza ni mayu. Ile barua yako ya mwezi wa nane aliisikiliza mpaka mwisho. Akaendelea kupakua sahani yako lakini akawa hataki niiguse. Inakaa imefunikwa mpaka ugali unakauka, anawapa kuku. Siku moja nilimsikia akimwambia mama Scola, jirani yetu, "Labda mwanangu ameona aibu na sisi." Na mimi nilikuwa hapo hapo napepeta mahindi, ninajua ukweli wote, nikaendelea kupepeta.

Nimefanya usaili Alhamisi. Sista aliniuliza kwa nini nataka uuguzi. Yale makubwa niliyojiandaa nayo yakanikimbia yote. Nikasema: Mother has pain in her knee. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema: My twin. Twins share everything. Akaandika jina langu pale pale. Doto, jina limetoka langu!

Nilipofika nyumbani nikamweleza mayu yote, mpaka neno nililokuandikia mwezi wa tano. Akauliza "njoo" kwa Kizungu inasemwaje. Nikamwambia, come. Tangu hapo analisema akikamua, akichota maji, kila saa.

Kwa hiyo njoo. Ila gari la misheni linatuchukua tarehe mbili Desemba, na wewe unafunga tarehe sita. Nimemwomba Sista aniache nifuate nyuma, amesema haiwezekani. Tumesubiriana mwaka mzima, tutapishana kwa siku nne.

Pacha wako,
Kulwa


Nsemulwa, Mpanda
15 Desemba 1996

Kulwa pacha wangu,

Sumbawanga kuna baridi, wanasema. Umepata blanketi? Hapa wote wazima, na goti la mayu limetulia.

Nilifika Jumapili. Mayu alikuwa uani anaanika uwele. Aliniona kabla sijamwita, akaacha ungo ukaanguka, akasema, "Kam, Doto. Kam." Hakuwa na neno lingine, akalirudia hilo hilo huku amenishika mashavu. Mimi na Kiingereza changu chote nikalirudia naye hilo hilo.

Baba alininunia siku mbili. Ya tatu akatoa mfukoni ile barua yako fupi ya kufika salama, akasema nimsomee, na Kizungu chake. Nikamwambia haina Kizungu. Akasema, "Mwambie atie."

Kitanda chako kipo kama ulivyokiacha. Jana nilikuita kutoka zizini nikuonyeshe ndama mpya, nikaita mara mbili ndipo nikakumbuka.

Mayu bado anapakua sahani mbili. Namaliza yangu, halafu nakula na yako kwa niaba yako. Sasa ni wewe unayekula peke yako huko, maneno ya dawa na mifupa ambayo mimi siyajui. Nitumie fungu langu. Maneno matano, maana yake, na sentensi moja moja. Baba anasikiliza.

Moja nimeanza mwenyewe, nisahihishe:

Absent: asiyekuwepo. Kulwa is absent from home.

Pacha wako mdogo,
Doto