Vikombe Vitatu

Wifi yangu mpenzi,

Hatujambo. Bomba la jikoni limeacha kuvuja. Nimelikaza mwenyewe, na usinicheke.

Kaka yako anaendelea na mazoezi. Mtaalamu anayemfundisha upya kazi za nyumbani alitubandikia kadi jikoni kote: jaza maji, washa jiko, tia majani, zima jiko. Tangu aumie kichwa kwenye ile ajali, hapiki chai bila kuzisoma, kidole juu ya kila neno.

Jana mtaalamu alizibandua zote. Kaka yako akapika mwenyewe, na jiko akazima. Mtaalamu akapiga makofi. Kaka yako akamimina vikombe vitatu, kimoja akakipoza kwa kijiko, akaita kuelekea chumba cha mtoto: "Njoo unywe, utachelewa shule!"

Nimeshamwambia mara nne kwamba mwanetu hakupona. Kila mara analia kama ndiyo kwanza anasikia. Jana sikumwambia. Kile cha tatu nilikinywa mimi, chote.

Mtaalamu ameniachia kadi tupu niandike "vikombe viwili", niibandike juu ya jiko. Nimeandika. Gundi ndiyo bado sijaitafuta.

Wasalimie wote hapo.

Wifi yako